Ya Kulipwa na Ya Kulipia

Mke wangu hana maswali marefu. Akiniona naelekea mlangoni na begi la gitaa mgongoni, anauliza moja tu: "Leo ni ya kulipwa au ya kulipia?" Nikijibu ya kulipwa, ananikumbusha nipitie dukani kwa Mangi nikirudi, unga umekwisha. Nikijibu ya kulipia, hasemi kitu. Anafungua kopo la majani ya chai, anatoa elfu tano ya nauli, ananikabidhi, kisha analifunga lile kopo kwa nguvu kuliko kopo lolote linavyostahili kufungwa.

Naona nieleze, maana wengi wenu mna bahati ya kutokuwa wanamuziki. Napiga gitaa la besi katika bendi mbili hapa Dar es Salaam. Ijumaa na Jumamosi nipo na bendi ya hoteli moja ya ufukweni, kaskazini mwa jiji, ambako tunapiga nyimbo za watu. Jumatano nipo katika baa moja ya Mwananyamala na bendi nyingine, ambako tunapiga nyimbo zetu wenyewe. Ile ya kwanza mjini wanaiita bendi ya kukopi. Ya pili haina jina la namna hiyo, kwa sababu hakuna anayeizungumzia.

Nilipoanza kazi hii niliambiwa, na nikaamini, kwamba anayepiga nyimbo za watu anafuata hela, na anayepiga nyimbo zake anafuata sanaa. Ni maneno matamu, hasa ukiwa na miaka ishirini na mitatu na unalala kwa dada yako. Lakini mpiga besi anasimama nyuma, na aliyesimama nyuma anaona migongo. Nimeitazama migongo ya wenzangu kwa miaka kumi na tisa sasa, na naapa sijamwona hata mmoja anayefuata kile anachosema anakifuata.

Tuanze hotelini, kwenye neema.

Saa kumi na mbili jioni tunatakiwa tuwe tumeshafunga vyombo, tumevaa mashati ya kitenge yanayofanana, na tunatabasamu. Shati langu lilishonwa kwa vipimo vya mpiga besi aliyenitangulia, mtu aliyekuwa na kifua. Posho ni elfu arobaini kwa usiku, na sahani ya chakula. Chakula chenyewe usidhani ni kile cha bafe. Bafe tunaiangalia kwa mbali, kama mtoto anavyoangalia runinga ya jirani kupitia dirishani. Sisi tunalia nyuma ya jiko, jirani na mitungi ya gesi, na neno hilo lipokee kwa maana zake zote mbili. Meneja ametukataza kupita mbele ya wageni tukiwa na sahani. Anasema tunaharibu mandhari.

Wimbo wa kufungulia ni "Jambo Bwana". Wimbo wa kufungia ni "Jambo Bwana". Katikati unaombwa tena mara mbili, moja na meza ya Wajerumani, nyingine na meza ya Wajerumani waliochelewa. Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu: mara nne kwa usiku, siku mbili kwa wiki, miaka saba. Inakaribia mara elfu tatu. Toa siku nilizougua malaria, ingawa malaria moja niliipigia jukwaani na hakuna aliyegundua, maana wimbo huo vidole vyangu vinaujua bila mimi.

Nanyi mnajua wimbo huo ulitoka wapi? Ulitoka kwa watu kama sisi. Them Mushrooms walianza Mombasa mwaka 1972, wakawa wanatumbuiza watalii katika mahoteli ya pwani ya Kenya, kazi ile ile ya mashati yanayofanana. Halafu mmoja wao, Teddy Kalanda Harrison, akakaa chini akatunga wa kwao, wa kumkaribisha huyo huyo mgeni aliyekuwa mbele yao, kwa maneno ambayo mgeni anaweza kuyashika kabla barafu haijayeyuka kwenye glasi. Ukatoka mwaka 1982. Mwaka uliofuata Boney M wakaurekodi wa kwao huko Ulaya. Kwa hiyo mwanamuziki wa hoteli alichoka na nyimbo za watu, akatunga wake, na huo wake ndio umekuwa wimbo wa watu kwa kila mwanamuziki wa hoteli kuanzia Lamu mpaka Mtwara. Namheshimu sana mtunzi. Lakini ikifika mara ya nne, saa tano za usiku, heshima yangu inakuwa imepungua kidogo, halafu Jumapili inajijaza tena.

Ukitoka kwenye "Jambo Bwana" kuna "Malaika". Huo ni wa harusi. Hoteli ina bustani, bustani ina harusi kila Jumamosi, na MC ana karatasi iliyoandikwa kwamba maharusi wataingia na "Malaika". Sasa, wimbo ule, kwa anayejua Kiswahili, na bustanini wote wanajua Kiswahili, ni kilio cha kijana anayempenda binti lakini hana mali ya kumwoa. Hana. Ndiyo habari nzima. Hapa kamati imekaa vikao miezi minne, michango imekusanywa mpaka kwa watu waliohama mji ili wasichangishwe, mahari imelipwa, bwana harusi amekopa, halafu anaingia akisindikizwa na kilio cha mwenzake aliyeshindwa. Watu wanapiga vigelegele. Fadhili William aliurekodi Nairobi, wako wanaosema mtunzi wa kweli ni Adam Salim, na hati ya huzuni ile inagombewa mpaka leo. Mimi nimeshamshauri MC abadilishe. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia mpiga besi. Akaondoka.

Basi ukituangalia pale jukwaani utasema hawa ni wafuata posho. Mpiga dramu, kweli, yuko pale kwa ajili ya ada. Ana watoto wanne, na mimi ninayesimama karibu naye nasikia muhula unapofunguliwa: anapiga kwa hasira zaidi Januari na Julai. Mwimbaji wetu yuko pale kutafuta mwenyeji wa Ulaya. Hajali ni nchi gani. Ameshajifunza kusema "nimekukumbuka" kwa lugha tano na "karibu" kwa mbili.

Lakini kuna mpapasa kinanda. Huyu ni mzee wa miaka sitini na kitu, mstaafu, ana pensheni yake, ana nyumba yake, wapangaji wake wanalipa kwa wakati, jambo ambalo peke yake lingetosha kumfanya mtu abaki nyumbani ale maembe. Hana shida na elfu arobaini. Yeye nyimbo zile za zamani za Radio Tanzania anazijua kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yake gizani. Zamani bendi ilikuwa inaingia studio na kurekodi wote kwa pamoja, kwa hiyo kosa likitokea linabaki humo. Mzee huyu hata makosa hayo anayapiga. Mahali ambapo kwenye rekodi mpuliza tarumbeta aliwahi kuingia kabla ya wenzake, naye kwenye kinanda anawahi, halafu anafumba macho kama mtu aliyeonja pilau ya mama yake. Nilimuuliza siku moja kwa nini hajawahi kutunga wimbo wake. Akanishangaa.

"Mimi si mtunzi, kijana. Mimi ni msikilizaji mwenye vidole."

Huyo yumo katika bendi ya kukopi. Bendi ya wafuata hela.

Sasa twende Mwananyamala, kwenye sanaa.

Kwanza kufika. Hotelini wana spika zao. Jumatano vyombo ni vyetu, na mimi ndiye natunza spika ya besi, nyumbani, Tabata, sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma na juu yake kuna chombo cha maua. Mke wangu ameamua kwamba kama haiondoki basi ifanye kazi. Kuipandisha kwenye daladala haiwezekani. Nilijaribu mara moja. Konda alinitoza nauli ya watu watatu: mimi, spika, na abiria ambaye, kwa maneno yake, angepanda kama isingekuwa mimi na spika. Bajaji inakubali, kwa bei. Mixa tunakodi. Mwenye baa anatupa kreti moja ya soda na anaona ametufadhili. Ukijumlisha yote ukagawa kwa watu saba, kila mmoja analipa kama elfu nane kwa Jumatano ili asikilizwe na watu ambao hawakuomba. Mke wangu hakukosea jina.

Watu wenyewe, Jumatano ya kawaida, ni kumi na moja. Sita ni ndugu zetu. Mmoja ni mwenye baa. Mmoja ni mlevi wa kudumu, mtu mwaminifu sana, hajawahi kukosa. Waliobaki watatu walikuja kula kitimoto na hawajui kutatokea nini. Baada ya wimbo wa pili mmoja wao anasogea jukwaani, kwa adabu kabisa, ananong'ona: "Samahani kaka, hamjui hata mmoja ambao na sisi tunaujua?"

Kiongozi na mtunzi wetu hapo hugeuza uso. Ni kijana wa miaka thelathini na minane, anapiga solo, anaimba, na ana msimamo. Nyimbo zake hazipungui dakika tisa na zote zina ujumbe. Aliwahi kutunga wimbo mzito wa kupinga mifuko ya plastiki. Tulifanya mazoezi miezi mitano, tukapanga sauti, tukaweka kiitikio. Tulipokuwa tayari kuupiga ilikuwa Juni 2019, na serikali ilikuwa imeshaipiga marufuku mifuko yenyewe tangu tarehe 1 ya mwezi huo. Akaugeuza kuwa wimbo wa kupongeza. Kuna mwingine wa daraja, kuhusu mtu asiyeweza kumfikia mpenzi wake ng'ambo ya mto kwa sababu kila mwaka wanaahidiwa daraja na kila mwaka hakuna daraja. Huo ni fumbo. Fumbo la nini, hata sisi hatuambiani. Ila ni wimbo mzuri, lazima nikiri, na besi yake si haba.

Muulize anapiga kwa ajili ya nini, atakwambia ujumbe. Lakini mimi niko nyuma yake. Namwona anavyohesabu simu zinazorekodi. Zikiwa mbili, solo inarefuka. Ndoto yake ni Sauti za Busara, lile tamasha la Zanzibar lililoanza mwaka 2004, pale Ngome Kongwe kila Februari, ambako wanataka muziki wa kupigwa jukwaani kweli, si wa kuweka kwenye kompyuta na kuchezesha midomo. Kila mwaka tunaandaa maombi. Kila mwaka tunabishana kuhusu picha, nani akae mbele, mpaka siku ya mwisho ya kutuma inapita. Si kosa la mtu. Ni kosa la picha.

Wengine nao wana yao. Mpuliza saksafoni wetu aliinunua kwa mkopo wa kikundi, bila kumshirikisha mkewe, na tangu hapo lazima aonekane anatoka nayo. Mpiga rithimu anaishi na wakwe, na Jumatano ndiyo siku mama mkwe anakaribisha jumuiya nyumbani. Rapa wetu yupo kwa sababu jukwaa la baa lile linatazamana na saluni. Hiyo ndiyo bendi ya sanaa.

Na usidhani hela haina nguvu huko. Juzi aliingia pedeshee. Nasema pedeshee wa kweli, cheni, manukato yanayotangulia mlangoni, na vijana wawili wa kumshikia simu. Tulikuwa katikati ya wimbo wa mtunzi wetu unaosema mali haifai kitu. Pedeshee akamwita rapa, akampa noti tano za elfu kumi, akaomba jina lake litajwe kama wanavyotajwa wenzake kwenye bendi kubwa. Mtunzi akakataa kwa kichwa. Akasema pembeni ya maiki kwamba wimbo huu una heshima yake. Alikataa kwa muda wa mistari minne, nilikuwa nahesabu. Mstari wa tano jina likaingia. Kufika dakika ya saba mali ilikuwa bado haifai kitu, isipokuwa ya fulani wa Sinza, mwana wa fulani, mume wa fulani, mfalme wa vipuri. Ndiyo Jumatano pekee mwaka huu ambayo nilirudi nyumbani na kitu. Mke wangu aliipokea ile hela akaigeuza pande zote mbili kuikagua.

Nilipeleka malalamiko haya kwa mzee mmoja wa Magomeni, mpuliza tarumbeta mstaafu, ambaye alikula chumvi ya bendi tangu enzi za mashirika. Nilitaka aniambie wao walikuwa wanapiga kwa ajili ya nini. Alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani.

"Kwa ajili ya mshahara," akasema. "Mimi nilikuwa mwajiriwa."

Na ni kweli. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na mpiga gitaa alikuwa anasaini mshahara kama karani. Ikaja kuitwa JUWATA, ikaja kuwa OTTU, watu wakaendelea kuiita Msondo. Mlimani Park ilipoanzishwa mwaka 1978 ilikuwa chini ya shirika la usafiri na teksi, baadaye ikachukuliwa na shirika jingine, DDC, na watu wakaiita Sikinde. Polisi walikuwa na bendi, vijana wa chama tawala walikuwa na bendi. Ungetegemea watu wenye mshahara wa mwisho wa mwezi wakae wakopi tu, kwani kuna haja gani? Lakini ndio waliotunga. Nyimbo zote ambazo mimi leo nazipiga hotelini kama zilipendwa, ukitoa za Wajerumani, zilitungwa na watu waliokuwa na kadi ya mahudhurio.

"Jirani ametoa wimbo mpya," mzee akanieleza, "na wewe Jumamosi ijayo huna? Ukumbi mtupu! Watu walikuwa wanakuja kusikia kipya. Cha zamani walikuwa nacho redioni."

Nikamuuliza kama wao hawakuwahi kukopi.

"Sisi tulianza kwa nini kama si kukopi? Waliotutangulia walikuwa wanaiga sahani za Kuba, Kihispania chenyewe hawakijui, wanatamka tu. Salum Abdallah pale Morogoro bendi yake aliiitaje? Cuban Marimba! Morogoro na Kuba, jamani." Akafuta chai. "Tatizo lenu ninyi, kila mtu ana sababu yake ya kupiga. Sisi tulikuwa na zamu."

Niliondoka pale nimenuna. Mzee akishakushinda hoja na bado ukanywa chai yake, huna pa kulalamikia.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Mwezi uliopita mpiga solo wa hotelini aling'olewa jino, na meneja wetu hapendi pengo jukwaani. Ikabidi nitafute deiwaka, saa nane mchana, siku ya Jumamosi, wakati wapiga solo wote wa Dar wako kwenye harusi. Nikampigia mtunzi wetu wa Jumatano. Huyu ni mtu aliyekwisha kuapa mbele ya mashahidi kwamba hatapiga wimbo wa mtu mwingine mpaka anaingia kaburini. Akauliza posho ni kiasi gani. Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, nadhani alikuwa anapima kina cha kaburi.

"Shati litanitosha?" akauliza.

Alikuja. "Jambo Bwana" ya kwanza aliipiga na uso wa mtu anayechomwa sindano. Ya pili alianza kuweka viungo vyake mwenyewe, na meneja akamwonesha kidole kwamba aache. Kama saa tatu hivi mvua ikanyesha, harusi ikahamia ndani, watalii wakaenda kulala, tukabaki na meza moja: familia iliyokuja kusherehekea miaka sabini na mitano ya babu yao. Babu akatuma mjukuu. Anaomba zilipendwa. Tukampigia moja, akaomba nyingine. Tukampigia. Akaomba nyingine. Orodha ikaisha. Mpapasa kinanda bado alikuwa nazo kama mia mbili kichwani, lakini mwimbaji hakuwa na maneno yake.

Hapo mtunzi wetu akanigeukia, akapiga noti nne za mwanzo za ule wimbo wa daraja, na akaniangalia. Mimi nikaingia. Ni mazoea, besi inaingia tu. Mwimbaji wa hoteli hakuwahi kuusikia, lakini ni mtu mzoefu na uongo. Akashika maiki akatangaza kwa sauti ya redio: "Na sasa tunawarudisha nyuma kabisa, mwaka 1974!" Kisha akampisha mtunzi aimbe.

Babu akanyanyuka. Akaacha fimbo kwenye kiti. Akacheza taratibu, mkono mmoja tumboni na mwingine hewani, umemshika mtu ambaye hakuwepo. Binti zake wakamfuata, wajukuu wakafuata, wahudumu wakaweka trei chini. Hakuna aliyeangalia saa, na tulipiga dakika tisa zote, labda kumi na moja. Mpapasa kinanda alisikiliza beti moja mikono ikiwa mapajani, beti ya pili vidole vikaingia vyenyewe. Lakini alikuwa ananitazama kwa mashaka, maana mwaka 1974 anaujua wimbo kwa wimbo.

Tulipomaliza babu akaja jukwaani. Akatoa elfu kumi, akaibandika kwenye paji la uso la mtunzi wetu, kama inavyotakiwa.

"Kijana, ubarikiwe. Wimbo huu niliucheza na marehemu mke wangu, kule Ilala, tulikuwa bado hatujaoana. Sahani yake nilikuwa nayo, ikapotea tulipohama."

Mtunzi hakusema kitu. Noti ilikuwa bado iko usoni.

"Yule mtunzi wake," babu akauliza, "alifariki mwaka gani?"

Nilimwona yule kijana akimeza mate. Miaka kumi na mbili ya kutunga, dakika tisa kila wimbo, na hapa ndipo alipofika.

"Hajafariki, mzee," akasema. "Anaumwaumwa tu."

"Mpe pole," babu akasema, akaenda kuchukua fimbo yake.

Kwenye gari la wafanyakazi usiku ule hakuna aliyeongea mpaka Mwenge. Ndipo mpapasa kinanda akasema, bila kugeuka, "Wimbo ule si wa 1974."

Nikamwambia najua.

"Mwaka 1974 besi ilikuwa haiparamii mambo yasiyoihusu." Akatulia mpaka taa ya pili. "Ila uwekeni."

Umewekwa. Meneja ameuingiza kwenye orodha, namba kumi na moja, chini ya zilipendwa. Pengo la mpiga solo limepona, lakini mtunzi anakuja kila Jumamosi kuuimba, kwa posho, na shati ameshalipunguza mwenyewe. Sasa amekuwa mwanamuziki wa kwanza ninayemfahamu anayelipwa kwa kujikopi. Analalamika kwamba mzee wa kinanda anaupiga tofauti na asilia. Tena amesoma Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na anataka kujua kama hoteli inadaiwa mirabaha kwa wimbo wake anaouimba yeye mwenyewe. Nimemwambia aanze kwa kudai bafe.

Mke wangu naye, baada ya kusikia kisa hiki, aliongeza swali. "Na wewe? Wenzako wote umewataja, wewe unapigia nini?" Nikamwambia siwezi kuongea, nafunga waya. Ukweli ni kwamba sina jibu la kumfurahisha. Mimi naangalia miguu. Mtu amekaa, anakula, hana habari na sisi, halafu mguu wake mmoja chini ya meza unaanza kupiga kabla mwenyewe hajajua. Mguu huo ni wangu. Mwimbaji anaweza kuchukua makofi, mpiga solo achukue simu zinazorekodi, mguu ni wa besi. Hotelini kwa usiku mmoja napata kama ishirini. Jumatano iliyopita nilipata mitatu, na mmoja nilikuja kugundua ni wa meza, sakafu ya pale haijakaa sawa.

Jumatano hii tunapiga tena, saa mbili usiku, kiingilio hakuna. Wimbo wa daraja msiuombe, mtunzi ameuhamishia kwenye malipo. Na kama yupo mwenye kirikuu anayetoka Tabata kwenda Mwananyamala siku hiyo kuanzia saa kumi na moja jioni, naomba anipitie. Mafuta tutachangiana. Chombo cha maua nitakuwa nimeshakitoa.